Pigo la Nyundo Baada ya Jina

Kilimani, nyuma ya Laela
17 Februari 2002

Mke wangu Cornelia,

Usiponijibu upesi naoa mwingine, nimeshakuonya. Hapa tu wazima wa kadiri. Mvua inanyesha kama imetumwa. Baba yako Zenon amepanda mahindi bila mbolea, maana mbolea siku hizi ni ya wenye maduka, ile ya serikali tumeisahau kama tulivyosahau nyimbo za chama. Mama yako goti linamsumbua. Ng'ombe wa jirani yetu Masunga wameingia kwenye maharage yetu mara mbili. Nilimwambia Msukuma yule, mara ya tatu namla mmoja. Akanijibu, "Mzee, kwa meno gani?" Nimemsamehe kwa ajili ya jibu hilo.

Sasa hilo lako. Barua yako ya Krismasi nimeisoma mara tatu. Kwamba huko Mbeya wewe na vijana watatu mna bendi ya magitaa ya umeme, mnarekodi kanda yenu ya kwanza, na kwamba kazi yako humo si kuimba bali kupiga mayowe. Nilimsomea baba yako, akasema chuo cha ufundi kimemharibu mtoto. Nikamwambia, marehemu bibi yake Justina alipiga mayowe miaka arobaini na minane ndani ya nyumba hii bila gitaa hata moja, na hakuna aliyemrekodi.

Jina la bendi, Mavi ya Chuma, limenichekesha mpaka nikapaliwa. Wala si tusi. Takataka inayobaki tanuruni chuma kikishatoka ndilo jina lake, padri akikuuliza mwambie ni neno la ufundi.

Unataka wimbo wa tanuru la marehemu baba yangu, lile lililosimama hapa nyuma ya nyumba. Mwanzo wake huu hapa, nimeutoa kwenye Kifipa kadiri ya elimu yangu ya darasa la nne. Tanuru tuliliimbia kama bibi arusi:

Bibi arusi wa udongo, kiuno kipana,
kula mkaa ushibe,
tuzalie mtoto mweusi asiyelia.

Piga mayowe nayo utakavyo. Ule mwisho, wa majina, siukumbuki. Kichwa cha mzee ni gunia lililoingiwa na panya. Na usiende kuuliza watu wengine.

Mumeo asiye na meno,
Polikarp


Mbeya
20 Machi 2002

Shikamoo Babu, mume wangu wa kurithi,

Oa tu, ila huyo mke mwenzangu ajue kutafuna kwa niaba yako. Mimi ni mzima. Mchana natengeneza redio na pasi za watu pale karakana, jioni nafanya mazoezi na wenzangu. Mpiga ngoma wetu ni Ngeleja, Msukuma kama Masunga wako, naye ngoma anazipiga kama anafukuza ng'ombe shambani. Magitaa yalitoka Zambia kwa kupitia Tunduma, pamoja na kanda za muziki mzito tuliojifunzia.

Studio ni ya Mzee Adriano. Kuta zote kazipigilia magodoro, na kazi yake ni kurekodi kwaya. Sisi anatupa Jumamosi, kwaya zikishaondoka. Siku ya kwanza aliposikia yowe langu alivua vile visikilizio vyake akaniuliza, "Binti, hiyo sauti unaitoa wapi? Na unajua kuirudisha?" Jina la bendi kagoma kuliandika kwenye jalada. Ameweka M.Y.C., watu wanadhani ni vijana wa kanisa.

Babu, ule mwanzo wa wimbo umetutoa jasho. Gitaa likiingia kwenye "asiyelia" hata Adriano anatikisa mguu chini ya meza, anafikiri hatumwoni. Lakini wimbo bila mwisho ni kama mtu aliyekatwa miguu. Wewe unakumbuka rangi ya shati ulilovaa siku ya Uhuru. Umesahauje majina ya watu?

Wako,
Cornelia


Kilimani
14 Aprili 2002

Mke wangu mbishi,

Shati lilikuwa la njano, na lilikuwa la kuazima. Kwa hiyo nalikumbuka.

Goti la mama yako limepona kwa majani, limehamia lile jingine. Maharage tumevuna kidogo. Masunga kanunua redio ya kanda yenye spika mbili, sasa kila mwenye kiu ya pombe yetu ya kimpumu anakwenda kunywea kwake ili asikilize na miziki. Nami nakwenda. Sitaki aibiwe redio nikiwa sipo.

Jambo moja nikwambie, si la kukutisha. Mvua ya mwezi uliopita imelipasua tanuru. Ufa umeanzia mdomoni umeshuka hadi kwenye kitako. Nilichungulia ndani. Mkaa uliobaki humo ni wa mwaka elfu moja mia tisa thelathini na nane, Cornelia, miaka sitini na minne, lakini ulikuwa unanuka kama moto uliozimwa jana. Ng'ombe wa Masunga hawapiti tena upande ule. Wanazunguka mbali, kule kwenye miiba, na hakuna anayewaswaga. Masunga kaniuliza nimeweka nini pale. Nimemwambia nimemweka mama mkwe wangu.

Kuhusu majina. Mwanzo ule niliokuandikia ni wimbo. Majina si wimbo, ni kesi. Kesi ikishafunguliwa haitaki mpiga gitaa, inataka mtu. Iache kanda yenu ikatwe miguu, itatembelea makalio, wangapi wanaishi hivyo.

Polikarp wako


Mbeya
2 Juni 2002

Shikamoo Babu,

Huku baridi imeanza, nadhani na huko upepo unawakata masikio. Mpe pole Mama.

Naandika kwa kukiri kosa. Wiki ya Pasaka nilisema nina kazi nyingi siji nyumbani. Nilikuja hadi Sumbawanga mjini. Nilikwenda Chanji kwa shangazi Bertila, binti wa marehemu kaka yako Kasmir. Babu, tangu Bibi afariki, nyumbani kwetu jina la Kasmir sijalisikia zaidi ya mara mbili, na mara zote mbili ulitoka nje.

Shangazi alikuwa anachambua ulezi. Nilipomuuliza wimbo hakushangaa. Aliuimba wote palepale, mikono ikiendelea na ungo. Akanieleza na mwisho wake: kwamba mafundi saba waliishi na tanuru, siku hizo hapo nyuma ya nyumba pakiwa pori, hakuna kurudi kijijini wala kumgusa mwanamke mpaka chuma kitoke. Tanuru likikataa kuzaa, fundi mkuu anawapanga na kuita majina. Aliye safi anajibu kwa kugonga nyundo kwenye fuawe. Aliyevunja mwiko anaiweka nyundo chini. Tanuru la baba yenu lilikataa, na Kasmir akaweka nyundo chini. Akafukuzwa. Akateremka hadi Kabwe, ziwani, akavua dagaa na migebuka mpaka kifo chake, hakupanda tena huku juu.

Nilimuuliza, "Shangazi, alifanya nini?" Akasema, "Kila mwaka kuni zikiwaka vizuri alituambia, sikugonga. Hakusema alifanya nini, na mama hakumuuliza."

Tumerekodi, Babu. Naita jina, na magitaa, ngoma na yowe langu vinapiga pigo moja kama nyundo. Nikifika kwa Kasmir tunanyamaza. Wa mwisho ni wewe, kwa kuwa ulikuwa mdogo wao. Kwa heshima yako tumekupa pigo kubwa kuliko yote. Ngeleja alivunja fimbo ya ngoma.

Mambo mawili madogo. Baada ya pigo lako Adriano anasikia mtu anakohoa ndani ya kanda. Sisi hakuna aliyekohoa. Anasema ile kanda iliwahi kurekodiwa kwaya, labda ni mzee mmoja wa sauti ya nne kabaki humo. Na la pili, siku ile nilitema mate yakawa na damu. Kidogo tu. Nimekunywa tangawizi.

Usikasirike.
Cornelia


Kilimani
9 Juni 2002

Cornelia,

Litoeni pigo lile. La baada ya jina langu. Mengine yaacheni.

Kabla hamjalitoa msiuimbe wimbo ule popote, na wewe usipige yowe hata la kuita kuku. Kunywa asali ya nyuki wadogo, nimempa kondakta wa basi chupa, mdai, ni mwizi yule.

Usiniulize kwa nini.

Babu yako

Nilitaka kuweka utani hapa chini, nimekaa na kalamu mpaka chai imepoa.


Mbeya
21 Julai 2002

Shikamoo Babu,

Barua yako ilikaa kwa wakala wa basi siku kumi na tano, na chupa ilifika nusu. Nilipoisoma kanda zilikuwa zimeshazalishwa, ziko sokoni Mbeya, Tunduma, na kwenye maroli. Redio moja ya hapa imeupiga wimbo. Vijana wa stendi wameupenda mno. Mmoja anaita "Polikarp!" na wengine wote wanapiga ngumi kwenye bodi ya basi. Kila asubuhi nikienda kazini nakuta unaitwa na kugongewa.

Mimi sina sauti. Si kukauka kwa mafua. Niliamka siku moja nikafungua mdomo, ukatoka upepo. Leo ni siku ya kumi na nane. Kazini naandika kwenye ubao mdogo, wateja wanadhani mimi ni bubu na wananipigia kelele ili nisikie. Daktari aliingiza kioo kooni, akasema kuna kitu kimeota kwenye nyuzi za sauti. Amekata kipande kakipeleka Dar es Salaam. Nilimwandikia, ni kitu gani? Akasema tungoje majibu kabla ya kukipa jina.

Babu, nina miaka ishirini na miwili. Naogopa. Baba na Mama usiwaambie.

Unajua jambo ambalo hunielezi. Zamani ningekubembeleza mpaka ungesema, sasa sina cha kukubembelezea zaidi ya kalamu hii. Niandikie.

Cornelia


Kilimani
25 Agosti 2002

Mke wangu Cornelia,

Baba yako mzima, mama yako mzima, kuku mweupe kaibiwa na kunguru, mahindi yapo ghalani, wanunuzi wa Laela wameanza kuja na mizani zao za kilema. Masunga anakusalimu. Upepo wa mwaka huu ni mbaya. Mtoto wa Angela wa bondeni kabatizwa. Unaona jinsi ninavyozunguka. Nafanana na ng'ombe wa Masunga.

Wiki mbili zilizopita tulikuwa kwake tumekaa na chungu cha kimpumu katikati, kila mtu na mrija wake, redio ikaupiga wimbo wenu. Sikujua kuwa ni wewe. Nilidhani kuna mtu anachinjwa. Kisha majina yakaanza, na nikawaona, Cornelia, wote saba, na vumbi la mkaa kwenye nyusi. Likaitwa jina la Kasmir, kimya. Likaitwa langu. Lile pigo lilipotua mrija ulinidondoka. Wenzangu wakanishangilia, "Mzee yumo redioni!" Nikashangilia nami. Nimekuwa hodari wa hilo maisha yangu yote.

Sasa soma, na usinikatize.

Tanuru lilikuwa na moto siku ya tatu. Lile halikuhitaji mivukuto, lilijivutia upepo lenyewe, ungelisikia linahema. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita. Mchana, jua la utosi, baba alinituma maji kijitoni na kibuyu. Pale kijitoni palikuwa na msichana anafua. Nilichelewa kuliko maji yanavyochelewesha. Mwenyewe una akili, sitachora.

Kasmir alitumwa kunitafuta. Alitukuta. Alichukua kibuyu, akachota maji mwenyewe, akapanda nacho mlima ili baba asiulize maji yamekwenda wapi. Mimi nikafuata nyuma kwa njia nyingine na mzigo wa kuni, nikipiga mluzi.

Tanuru lilipofunguliwa palikuwa na mavi matupu. Hata kipande cha chuma kama ukucha hakikuwemo. Baba alilia, mtu mzima yule, mkaa wa miezi mitatu. Ndipo akatupanga. Nyundo zikagongwa, ya kwanza, ya pili, hadi ya tano. Akaita, "Kasmir." Kaka yangu alinitazama. Kisha akainama akailaza nyundo chini taratibu, kama unavyolaza mtoto aliyesinzia. Sijui kwa nini. Labda alijua kuwa baba angeniua, na yeye angemfukuza tu. Labda hakuweza kugonga kwa kuwa alikuwa amesaidia kuficha. Miaka sitini na minne najiuliza, na wa kuniambia alikuwa Kabwe, safari ya wiki nzima kwa miguu, na sikwenda.

"Polikarp." Nikagonga. Niligonga mpaka fuawe likamomonyoka pembe. Baba akanishika bega.

Msichana yule alikuwa Justina, bibi yako. Baada ya miezi tisa akazaliwa baba yako Zenon. Kwa hiyo wewe na wote tunaolala katika nyumba hii tumetoka kwenye kibuyu kile. Na yale mayowe yake ya miaka arobaini na minane niliyokuwa nikiwachekesha nayo, kila ugomvi wetu uliishia kwenye neno moja. Alikuwa akilitaja jina la Kasmir. Alitaka nikamwite arudi.

Wewe umelipata koo la bibi yako, na umelipeleka palepale. Tofauti ni kwamba yeye aliita Kasmir akaishia hapo, wewe umeniita mimi na kunigongea. Uongo wangu niliugonga mara moja. Sasa unagongwa kila asubuhi stendi ya Mbeya, kwa umeme.

Fanyeni hivi. Rekodini upya. Kasmir apigiwe nyundo. Mimi niachieni kimya. Na barua hii mpelekee Bertila, asome yote, hata pale ninapofanya mzaha, ili ajue amepata baba mdogo wa namna gani.

Kwamba itaponya koo lako, sijui. Mbeya yote wanatuogopa sisi watu wa Sumbawanga kwa uganga, nami hata homa ya kifaranga sijawahi kuitibu. Najua tu kwamba kesi hii ilimtaka mtu, na imeshika mtu siye.

Polikarp


Mbeya
6 Oktoba 2002

Shikamoo Babu,

Nilikaa na barua yako wiki tatu kabla ya kwenda Chanji. Nilikuwa na hasira, nakwambia kweli. Sauti bado.

Shangazi aliisoma mwenyewe, kwa sauti, polepole, akifuata kwa kidole. Palipokuwa na mzaha hakucheka, lakini hakuruka. Alipomaliza alikunja karatasi akaiweka chini ya ungo. Nilisubiri atukane. Alisema, "Muulize swali moja tu. Kile kibuyu, baba alipofika nacho juu, kilikuwa kimejaa?"

Kisha akafunga mlango wake akaja nami Mbeya. Babu, majina kayaita yeye. Mimi nilikaa pembeni na ubao wangu. Hakupiga yowe, aliita kama mtu anayeita watu waje kula. Kwa Kasmir, Ngeleja alipiga pigo mpaka vumbi likatoka kwenye magodoro. Alipofika kwako tulinyamaza wote, hesabu ya moja hadi sita, ndipo gitaa linarudi.

Adriano kasikiliza mara tatu. Kikohozi hakimo tena. Anasema kinachomtisha ni kwamba hakuna chochote, hata ule muungurumo wa mashine ambao hauondoki popote, pale umeondoka. Kaniambia nisimwambie mtu.

Kanda mpya naituma na barua hii, kwa mkono wa shangazi hadi Laela. Majibu ya Dar es Salaam yamefika. Yamo kwenye bahasha, ipo mbele yangu. Siwezi kuifungua kabla sijajua umesikiliza.

Cornelia


Kilimani
10 Novemba 2002

Mke wangu Cornelia,

Baba yako mzima, ila hajasema nami tangu Jumapili. Mama yako ananiletea chakula. Mvua ya kwanza imenyesha na tanuru limeangukia ndani, limejifunika lenyewe. Ng'ombe wa Masunga wanalala palepale juu ya kifusi kana kwamba ni zizi lao.

Bertila hakuishia Laela, barua yako aliitanguliza kwa mtoto, kanda akapanda nayo mwenyewe hadi huku. Nilimkuta kwa Masunga, kakaa kwenye kigoda, kanda mapajani. Nikamjibu swali lake kabla ya salamu. Kilikuwa kimejaa hadi shingoni, na ule mlima una mawe, na hakumwaga. Akaitikia kwa kichwa. Akasema, "Haya, Baba mdogo. Kaa chini." Nami nikakaa.

Watu walikuwa wengi, Zenon akiwemo. Masunga akaweka kanda. Kasmir akagongewa, Bertila akafumba macho. Kisha jina langu.

Hesabu ya sita ni ndefu. Ndani yake unaweza kuzaa na kulea. Walinigeukia wote. Masunga akanyoosha mkono kwenye redio, akaniuliza, "Mzee, kanda imekatika hapa?"

Ningeweza kusema imekatika. Neno lilikuwa kwenye ulimi, tayari, na utani wake. Nilitoa mrija mdomoni nikaulaza chini, taratibu. Nikamwambia, "Haijakatika."

Zenon alikuwa wa kwanza kuelewa, maana anaujua mwaka aliozaliwa. Alisimama akatoka.

Tangu siku ile nakohoa. Si kikohozi cha upepo, kinatoka chini, na makohozi ni meusi kama nimeshinda natia mkaa. Kile mlichokisikia kwenye kanda ya kwanza nadhani nakijua sasa ni cha nani. Usilie. Usimlete daktari wako na kioo chake. Mimi ni mzee, na hili lilikuwa na anwani yangu toka mwanzo, lilipotelea njiani kama chupa ya asali.

Sasa fungua bahasha.

Mumeo,
Polikarp